Mapishi ya Mvuke kwa Sufuria Moja: Maneno kwa Wasafiri na Wavuvi wa Mara



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini lenye faida kubwa kwa mtu ye yote aliye mbali na jiko la nyumbani kwake. Jambo lenyewe ni hili: jinsi ya kupika chakula na kitoweo chake pamoja, kwa sufuria moja, kwa maji kidogo na moto mdogo, kwa nguvu ya mvuke. Nasema hasa na watu wa Musoma, Bunda na Butiama, maana katika nchi hiyo wako watu wengi ambao kazi zao huwalaza nje ya nyumba zao.

Yuko mvuvi wa Musoma, alalaye usiku kadhaa katika dago kando ya Ziwa Victoria, au katika kisiwa kama Rukuba. Yuko mchuuzi ashukaye Bunda, penye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, naye hulala mahali alipofikia pamoja na mizigo yake. Yuko mkulima wa Butiama, alalaye katika kibanda shambani ili alinde mazao yasiliwe na ngedere na nguruwe mwitu. Watu hawa watatu hawafanani kazi, lakini jioni ikifika shida yao ni moja: chombo cha kupikia ni kimoja, kuni ni za kutafutwa, upepo unavuma, na tumbo halina subira.

Siku moja nilialikwa kulala katika kambi ya wavuvi upande wa Majita. Vijana walikuwa wamerudi na sato watatu wazuri. Wakakoka moto mkubwa katikati ya mafiga, wakateleka sufuria bila mfuniko, wakachochea hata ndimi za moto zikapanda ubavuni mwa sufuria. Maji yakachemka kwa kishindo. Samaki wakapondeka, mchuzi ukakauka na kuungua, na mzigo wa kuni ulioletwa kwa mtumbwi ukaisha kabla ugali haujasongwa. Mzee mmoja alikuwa ameketi akishona wavu. Akayatazama majivu, akasema, "Wanangu, leo mmepika upepo." Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Baba, sasa tungefanyaje, nasi tulikuwa na njaa?" Mzee akasema, "Njaa ndiyo ingewafundisha kufunika sufuria."

Neno lile sikulisahau. Yote nitakayoyaeleza leo ni maelezo ya neno lile la mzee.

KWA NINI MVUKE

Watu wengi hudhani kwamba maji yanayochemka kwa kishindo yana moto zaidi kuliko maji yanayochemka polepole. Sivyo hata kidogo. Maji yakiisha kuchemka hayazidi kupata moto, hata ukichochea namna gani. Pwani, maji huchemka yafikapo digrii 100. Ziwa Victoria liko juu, kadiri ya mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Musoma huchemka yafikapo digrii 96 hivi. Hapo ndipo mwisho wake. Kuni zote utakazoongeza baada ya hapo zafanya kazi moja tu, nayo ni kuyageuza maji yawe mvuke.

Kazi hiyo yala moto mwingi mno. Chukua kikombe kimoja cha maji ya kawaida. Moto unaohitajiwa kuyageuza maji hayo yote yawe mvuke, baada ya kuchemka, ni zaidi ya mara saba ya moto uliohitajiwa kuyafikisha kwenye kuchemka. Basi mtu achemshaye sufuria wazi kwa moto mkali ni kama mtu achotaye maji kwa tenga: afanya kazi nyingi, na mavuno yake yampita. Mvuke wapanda angani, nao wachukua kuni zake. Huko ndiko kupika upepo.

Lakini moto ule haukupotea ndani ya mvuke, umo, umefichwa. Mvuke ukikutana na kitu baridi, kama kipande cha samaki au kiazi, hugeuka kuwa maji tena papo hapo, na moto wote ule huuacha katika kitu kile. Kwa hiyo ukiuzuia mvuke usitoke, nao ukazunguka chakula, moto mdogo utafanya kazi ya moto mkubwa. Samaki hatapondeka, maana haguswi na maji yanayorukaruka. Mboga hazitapoteza nguvu zake, kwa sababu vitamini nyingine huyeyuka katika maji, nasi aghalabu huyamwaga maji hayo nje. Tena chakula hakiungui chini, maana hakigusi chini.

Msidhani kwamba jambo hili ni la kigeni. Ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, Waganda hufunga ndizi kwa majani ya mgomba, wakaziweka juu ya vikonyo vya majani hayo vilivyopangwa ndani ya chungu, ili chakula kisiguse maji, kikaiva kwa mvuke. Watu wa Afrika ya Kaskazini huweka kuskusi katika chombo chenye matundu juu ya chungu cha mchuzi, na mvuke wa mchuzi huivisha kuskusi. Hivyo moto mmoja huivisha vyakula viwili. Wachina nao wamepika kwa mvuke tangu maelfu ya miaka. Mataifa haya hayakukutana barazani wakashauriana. Kila moja liliona kwa macho yake kwamba mvuke ni mtumishi, nalo likamfungia mlango asitoroke.

VYOMBO VYA SAFARI

Vyombo vinavyohitajiwa si vingi, navyo vyote vyaweza kuingia katika mfuko mmoja.

Kwanza, sufuria yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Kwa watu watatu yatosha sufuria ya lita tano. Kama mfuniko umepinda, ugonge taratibu juu ya ubao mpaka unyooke, kisha uweke jiwe safi juu yake. Lakini usiufunge kwa kamba wala kwa waya. Mvuke ukikosa njia kabisa huwa na nguvu ya kurusha mfuniko na kuumiza watu. Twataka mvuke ucheleweshwe, hatutaka ufungwe gerezani.

Pili, kichanja kidogo cha kuweka ndani ya sufuria, kiinuke kadiri ya vidole vitatu kutoka chini. Waweza kukifanya kwa sahani ya bati iliyotobolewa matundu kwa msumari, ukaiweka juu ya mawe matatu yenye kimo kimoja. Ukikosa sahani, panga vikonyo vya majani ya mgomba, au mabua mabichi ya mahindi, kwa kupishanisha kama fito za dari. Mawe yawe makavu na magumu. Usiyatoe majini ziwani ukayatia motoni papo hapo, kwa maana mengine hupasuka.

Tatu, bakuli la bati linaloingia ndani ya sufuria na kuacha nafasi ya kidole kimoja pande zote, ili mvuke upate kupanda.

Nne, jiko. Mafiga matatu yatosha, bora uyakinge upepo. Wasafiri wengine hutumia jiko la mafuta ya taa la kupampu, ambalo namna yake ilianza Sweden mwaka 1892 kwa kazi ya fundi F. W. Lindqvist, nalo limezunguka dunia nzima kwa sababu huchukulika. Wengine wana jiko la mkaa, na siku hizi wengi wana mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, wenye jiko lake juu. Kila jiko katika hayo lafaa kwa mvuke, maana mvuke hautaki moto mkubwa. Hata jiko ulilolidharau kwa udogo wake laweza kulisha watu watatu.

Tano, sarafu moja iliyooshwa vizuri. Msicheke. Itie katika maji chini ya kichanja. Maji yakichemka, sarafu itagonga chini ya sufuria, nawe utaisikia ikilialia. Maadamu inalia, maji yamo. Ikinyamaza na moto ungalipo, maji yamekwisha au yako karibu kwisha. Ongeza maji ya moto upesi kabla sufuria haijaungua. Kwa njia hii huna haja ya kufunua mara kwa mara ili utazame. Kila ukifunua, mvuke wote hutoka, na kazi huanza upya.

CHAKULA CHA KWANZA: SATO NA VIAZI VITAMU

Chakula hiki chawafaa wavuvi wa Musoma, kwa kuwa samaki wanao na viazi hununuliwa sokoni kabla ya safari.

Tia maji vikombe vitatu katika sufuria, pamoja na sarafu yako, uweke kichanja. Menya viazi vitamu vinne vya kadiri, uvikate vipande vyenye unene wa vidole viwili. Vipange juu ya kichanja, lakini usivishindilie. Mvuke wahitaji njia ya kupita. Funika, uteleke juu ya moto mkali mpaka usikie sarafu ikilia. Hapo punguza moto. Kama ni kuni, vuta vijinga viwili nje. Kama ni gesi, rudisha moto mpaka uwe mdogo. Sarafu iendelee kulia kwa utulivu, kama mtu agongaye mlango kwa heshima.

Wakati viazi vinaiva, paa samaki, mtoe matumbo, umwoshe, ukate vipande vyenye unene wa vidole viwili. Mpake chumvi na ndimu, na kitunguu kilichokatwa kama unacho. Baada ya dakika kumi, funua, panga samaki juu ya viazi, ufunike tena upesi. Hesabu dakika kumi na tano. Kisha funua mara ya mwisho, weka juu majani ya mchicha au ya matembele yaliyooshwa na kukatwa, ufunike kwa dakika tano.

Utajuaje kwamba samaki ameiva? Mtie uma au kijiti palipo panene. Nyama yake ikiachana kwa urahisi na kutengana na mfupa, nayo ikiwa nyeupe hata ndani, ameiva. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, mrudishe. Samaki asiyeiva huweza kuwa na minyoo na vijidudu vya maradhi, wala haifai kumhurumia kwa sababu ya njaa.

Maji yaliyobaki chini usiyamwage. Yamepokea matone ya samaki na utamu wa viazi. Toa sarafu, tia chumvi kidogo, unywe kama supu.

CHAKULA CHA PILI: NDIZI NA DAGAA WA KARANGA

Bunda ni mji wa njia na soko, tena uko karibu na Hifadhi ya Serengeti. Msafiri alalaye huko asiende kutafuta kuni ndani ya hifadhi, maana sheria yakataza, tena wanyama hawaombi ruhusa. Basi yampasa apike kwa mkaa au gesi kidogo aliyo nayo. Chakula hiki hakihitaji kitu kibichi kinachooza upesi, ila ndizi na nyanya tu.

Chukua dagaa wakavu kikombe kimoja. Dagaa wengine huanikwa mchangani, kwa hiyo uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, mpaka mchanga usionekane chini ya bakuli. Waweke katika bakuli la bati pamoja na karanga zilizokaangwa na kupondwa nusu kikombe, nyanya mbili, kitunguu kimoja, chumvi, na maji nusu kikombe. Koroga. Funika bakuli kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kidogo ili lisipasuke.

Tia maji vikombe vinne katika sufuria, weka kichanja, na bakuli juu yake katikati. Menya ndizi za kupika nane, uzipange kulizunguka bakuli na juu ya ukingo wake, bila kuziba njia zote za mvuke. Funika, uteleke. Sarafu ikianza kulia, punguza moto, uhesabu dakika arobaini. Usifunue hata mara moja. Tumia nafasi hiyo kufunga mizigo yako, kwa sababu sufuria hii haihitaji mtu wa kuisimamia, sarafu yakulindia.

Ukifunua utakuta ndizi laini na mchuzi mzito wa karanga. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo ndani yake mna chokaa inayojenga mifupa na meno. Mama anyonyeshaye na mtoto anayekua hawana kitoweo kizuri kuliko hiki kwa bei hiyo.

CHAKULA CHA TATU: UGALI NAO JE?

Najua wako wanaonisikiliza wakitikisa vichwa. Husema moyoni, "Bwana huyu atuambia viazi na ndizi, lakini sisi watu wa Mara, tusipokula ugali hatukula." Neno hilo ni la haki. Tena ni kweli kwamba ugali haupikwi kwa mvuke, ugali husongwa. Hata hivyo twaweza kupata ugali na kitoweo kwa sufuria moja na moto mmoja, tukitumia akili kidogo. Mkulima wa Butiama katika kibanda chake na afanye hivi.

Tia katika sufuria maji vikombe vitano, yaani maji ya kusongea ugali wa watu watatu. Weka kichanja. Katika bakuli la bati weka kitoweo: vipande vya samaki mbichi, au samaki wa kubanikwa aliyelowekwa kwanza akalainika, pamoja na nyanya, kitunguu, chumvi na majani ya kunde yaliyokatwa. Lifunike bakuli kwa jani au kwa sahani, uliweke juu ya kichanja, kisha funika sufuria. Maji yakiisha kuchemka, punguza moto, hesabu dakika ishirini na tano.

Sasa angalia. Kitoweo kimeiva, na maji ya ugali yamekwisha chemka, bila moto wa pili. Shika bakuli kwa kitambaa kikavu, ulitoe, ulifunge kwa nguo nzito au uliweke katika kikapu chenye majani makavu, nalo litakaa na moto. Toa kichanja na mawe yake. Toa na sarafu, usije ukamlisha mgeni fedha. Kisha rudisha moto uwe mkali, tia unga wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, kadiri ya nusu kilo, usonge kwa desturi ya nyumbani kwako. Ugali ukiiva, kitoweo kingali cha moto.

Hesabu faida yake. Mtu apikaye kwa desturi hukoka moto, akachemsha maji, akasonga ugali, akaepua, ndipo akaanza kitoweo. Hapa maji ya ugali yamefanya kazi mara mbili: kwanza yametoa mvuke wa kitoweo, kisha yamekuwa ugali wenyewe. Hapakuwa na tone lililomwagwa wala kijinga kilichowaka bure.

VISIVYOFAA KUPIKWA HIVI

Kila njia ina mipaka yake, na mwalimu asiyetaja mipaka si mwalimu mwema.

Muhogo mchungu usipikwe kwa mvuke. Ndani yake mna sumu, nayo huondolewa kwa kuloweka au kuvundika, na kukausha vizuri, kama wazee walivyotufundisha. Mvuke hauwezi kufanya kazi hiyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime, katika mkoa huu huu wa Mara, walipatwa na maradhi yaitwayo konzo. Miguu hukakamaa ghafula, na mtu hubaki na kilema maisha yake yote. Wataalamu waliochunguza waliona kwamba chanzo chake kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa upesi kuliko ipasavyo kwa sababu ya njaa. Basi haraka ya jikoni yaweza kuvunja miguu ya mtu. Kisamvu nacho ni vivyo hivyo. Kitwangwe, kichemshwe sana sufuria ikiwa wazi.

Maharagwe mekundu nayo yana sumu yake, isiyoondoka kwa moto wa polepole. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, uyachemshe kwa nguvu kwa muda wa robo saa au zaidi, ndipo upunguze moto mpaka yaive. Katika hayo, mzee wa Majita mwenyewe angekuruhusu kuchochea.

Na mgagani, wenye uchungu, wahitaji kuchemshwa na kumwagwa maji yake. Ukiupika kwa mvuke uchungu wote hubaki, nawe utanilaumu mimi.

HATARI ZA KUEPUKWA

Sasa nisikilizeni vema kuliko mlivyonisikiliza juu ya chakula.

Usipike kwa mkaa ndani ya hema au kibanda kilichofungwa, wala usiingize jiko la mkaa ndani usiku ili upate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, naye aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Mvua ikinyesha, pikia barazani au chini ya paa lisilo na kuta. Heri kulowa kuliko kufa.

Usitie petroli katika jiko la mafuta ya taa, wala usijaze mafuta wakati jiko linawaka au lingali la moto. Na kama jiko lako liko juu ya mtungi wa gesi, usiuzungushie mtungi wenyewe bati au mawe ili kuzuia upepo. Joto likirudi juu ya mtungi laweza kuupasua. Weka kinga ya upepo mbali kidogo, upande mmoja tu unakotoka upepo.

Mwisho, jihadhari na mvuke wenyewe. Nimekwisha eleza kwamba umebeba moto uliofichwa. Ukigusa ngozi yako huuacha pale pale kama uuachavyo katika samaki. Kwa hiyo ufunuapo, inua mfuniko kwa upande ulio mbali nawe, uso wako ukiwa nyuma, na watoto wasikaribie.

MANENO YA MWISHO

Pengine mtu atauliza, kwa nini kusema maneno mengi namna hii juu ya sufuria? Nitamjibu kwamba sufuria hii si ya msafiri peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa mapishi majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na wanaoketi karibu na moshi huo kila siku ni akina mama na watoto. Serikali ya Tanzania ilitoa mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, wenye nia kwamba kufikia mwaka 2034 watu themanini katika kila mia wawe wakipika kwa nishati safi. Hilo ni jema. Lakini gesi ni ya fedha, na mtungi ukiisha kabla ya mwezi kwisha, mama hurudi kwenye kuni. Mwenye kujua kufunika sufuria na kupunguza moto ataufanya mtungi wake udumu, na asiye na mtungi atapunguza safari za kwenda kutafuta kuni. Mzigo wa kuni usiochomwa bure ni mzigo ambao binti hakuubeba kichwani, na saa alizozipata ni za kitabu au za kupumzika.

Basi nawaomba msingoje safari. Leo jioni, nyumbani kwenu, chukueni sufuria, mawe matatu madogo, sahani iliyotobolewa na sarafu moja. Jaribuni chakula kimoja tu katika vitatu nilivyovitaja. Mtakapoisikia sarafu ikilia taratibu chini ya mfuniko, na moto ukiwa mdogo hata jirani audhani umezimika, mtajua kwamba hampiki upepo tena, bali mnapika chakula.

Kwaherini, na chakula chema.